Anayeona Kidogo Akasome Wapi?

Mwenzangu aliyerithi meza yangu katika ofisi ya elimu alinipigia simu wiki chache baada ya kustaafu kwangu. Aliniuliza jambo ambalo nilidhani kila mtu pale analijua: zamani mlikuwa mnaamuaje mtoto mwenye mahitaji maalumu asome shule ipi? Nikamjibu kwamba tulikuwa tunagombana. Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania, ndiyo maana nimekaa kuandika haya, yeye na wenzake wayasome wakipata nafasi.

Habari za vyeo nitaziacha. Vilivyokuja vilikuja, vingine vilipita mlangoni vikaingia nyumba ya jirani. Nitaeleza kazi yenyewe, na zaidi nitaeleza habari za mtoto mmoja, kwa sababu huyo ndiye aliyenifundisha kugombana vizuri.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa mjini, katika ukoo wa watu wa maduka ambao babu zao walitembea na misafara mpaka wakachoka, wakaamua kukaa. Kwetu binti kuwa mwalimu halikuwa jambo la ajabu. Kuwa mwalimu wa wasioona ndiko kulikohitaji maelezo. Mama yangu aliniuliza, "Sasa hao watasomaje, Zuhura?" Nikamwambia nakwenda kujua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Mpwapwa, kitengo cha watoto wasioona kilichokuwa ndani ya shule ya msingi ya kawaida, na bweni lake nyuma ya mkuyu. Mkuu wa kitengo alikuwa Mwalimu Ndahani, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu, ambaye mwenyewe hakuona tangu utotoni. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alinikabidhi kibao cha chuma chenye vijumba, pamoja na kijisumari chenye kishikio cha mti, akaniambia niandike jina langu kwa nukta nundu.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa. Niliandika kwa kujiamini, nikamkabidhi karatasi. Akaigeuza, akapitisha kidole, akatabasamu.

"Karibu sana, Mwalimu Aruhuz," akasema.

Nilikuwa nimesahau kwamba kwenye kibao unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa isomeke sawasawa. Jina hilo aliniita mpaka nilipohama.

Katika darasa letu walikuwamo watoto wenye ualbino. Wakati ule tuliwaita zeruzeru, hata kwenye karatasi za serikali, na neno hilo naomba tuliache hukohuko. Watoto hawa walikuwa wanaona, ila kwa karibu sana, na jua kali liliwasumbua macho. Ninyi mnaita uoni hafifu. Sisi hatukuwa na jina lake wala mahali pa kuwaweka, kwa hiyo walipelekwa kwa wasioona, wakafundishwa nukta nundu. Maelekezo yalisema wakisoma wafunikwe macho kwa kitambaa ili wazoee kutumia vidole.

Asubuhi moja mtoto alikuwa anasoma kwa sauti, Mwalimu Ndahani amesimama mbele, akainamisha kichwa upande.

"Mwalimu Aruhuz, vidole vya huyu viko wapi?"

Nikatazama. Mikono ya mtoto ilikuwa mapajani. Kitambaa kilikuwa kimeteleza, naye ameinamia karatasi mpaka pua inagusa, anazisoma nundu kwa macho.

"Kidole kikipita, karatasi husema," akaeleza. "Hii imekaa kimya." Kisha akakaa kitini kama mtu aliyechoka. "Mimi nimeomba watoto wasioona. Wapo vijijini, wamekaa kwenye vigoda jikoni. Wao hawaletwi kwa kuwa ni kazi kuwatafuta. Naletewa wanaoona, halafu naambiwa niwafumbe macho."

Maneno hayo niliondoka nayo. Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Dodoma mjini, ofisi ya elimu ya wilaya, kushughulikia elimu maalumu. Ofisi ilikuwa mimi, meza, na kiti cha wageni kilichokuwa kinayumba. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni na redio, mitumba ikamwagwa sokoni marundo kwa marundo, na wakati huohuo serikali ikawa inapunguza wafanyakazi, na wazazi wanaambiwa wachangie gharama za shule. Gari la idara lilikuwepo. Mafuta yake ndiyo yalikuwa hayapo. Wadhamini kutoka nje walisaidia vitengo vya bweni kwa chakula na magodoro, ila walitaka kuona vitanda vimejaa.

Hapo ndipo lilipokuja suala la Nyemo.

Mkuu wangu, Bwana Kisanga, aliniita akanisomea taarifa ya mtendaji wa kata mmoja upande wa Bahi. Kuna mkulima anaitwa Mzee Malogo, ana binti mwenye ualbino aliyekwishapita umri wa kuanza shule. Kamati ya wilaya imempangia nafasi katika kitengo cha wasioona kule Mpwapwa, na baba amekataa kumtoa. Mtendaji anaomba ruhusa ya kumpeleka baba mahakamani kwa kumficha mtoto.

"Nenda ukamlete, Bi Zuhura," Bwana Kisanga aliniambia. "Kitanda kinamsubiri."

Nilipanda treni mpaka Bahi, kisha mtendaji akanibeba kwa baiskeli kupita kwenye majaruba ya mpunga. Tulimkuta Mzee Malogo anarekebisha zizi. Alikuwa mfupi, mkavu, na mikono iliyoonekana mikubwa kuliko mwili wake.

"Mbukwenyi," nilimsalimu kwa Kigogo changu cha kubahatisha.

Aliitikia, akaniletea kigoda, kisha akasema kwa Kiswahili cha taratibu, neno kwa neno, "Umekuja kumchukua."

"Nimekuja kumwona."

"Aliyetangulia alisema hivyohivyo."

"Mzee, wanasema unamficha."

Alimtazama mtendaji, kisha mimi. "Mwalimu, mimi nilimpeleka huyu mtoto shule kwa mkono wangu. Shule ile pale, unaliona bati lake. Mwalimu mkuu akasema hapokei, hapa si mahali pake. Nikarudi naye. Sasa naambiwa namficha. Nimemficha kwa nani, kama wao ndio walionirudishia?"

Mtendaji akawa anachunguza tairi la baiskeli yake.

Nyemo alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, ungo mapajani, anachambua mchele. Kofia ya baba yake ilikuwa imemshukia mpaka masikioni. Aliniamkia "Shikamoo" bila kuinua uso. Nilichuchumaa karibu nikamtazama. Alichota mchele kwenye kiganja, akaupeleka puani, na kwa ncha za vidole akatoa vijiwe vidogo ambavyo mimi na miwani yangu nisingeviona.

"Unavionaje hivyo?" nikamuuliza.

"Nikivisogeza vinaonekana," akajibu. "Vikikaa mbali vinakimbia."

Nikasimama mbele yake nikanyoosha vidole. Akataja idadi yake. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua, nikibadilisha vidole, mpaka akasema, "Sasa mwalimu umekuwa ukungu." Nikaweka jiwe pale nilipokuwa nimesimama. Ilikuwa kama umbali wa kutoka dawati la mbele hadi ubaoni. Kipimo hicho si cha hospitali, lakini mkikosa kingine kitawafaa, na mfanye kivulini na juani, mtaona tofauti.

Kabla ya kuondoka nilipita shuleni. Mwalimu mkuu, Mwalimu Lugano, hakuwa mtu mbaya, na nawaomba msianze kumchukia. Alinionyesha darasa la kwanza. Watoto walikuwa wamebanana, wengine wamekaa kwenye matofali, kitabu kimoja kinazunguka kama sufuria ya uji msibani.

"Mwalimu Zuhura, mimi sina hata dawati la mtoto anayeona vizuri," alisema. "Huyu akiungua jua nitasema nini? Akifeli, watasema nafundisha vibaya. Kule bwenini kuna chakula, kuna kivuli, kuna wataalamu. Ukimtaka hapa, basi wewe humpendi huyo mtoto."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Nilirudi na treni nikiyapima njia nzima. Nilipofika kituoni Dodoma nilikuwa nimeamua. Bweni lingempa kivuli na chakula, lakini lingemfumba macho yake, na macho hayo hayakuwa ya serikali.

Bwana Kisanga alinisikiliza akiwa anagongagonga meza kwa kalamu.

"Kwa hiyo nilikutuma umlete mtoto, umeniletea hoja."

"Ndiyo, mkuu. Mtoto anaona. Naomba suala lake lirudi kwenye kamati."

"Na kitanda?"

"Tuzungumze kwenye kamati."

Kamati ilikutana katika darasa tupu la shule moja ya mjini wakati wa likizo. Nilimwita Mzee Malogo na Nyemo, nikamwita Mwalimu Lugano, na nikampelekea ujumbe Mwalimu Ndahani kule Mpwapwa aje kwa basi. Siku hiyo nilikuwa na wasiwasi, maana sikuwa nimewahi kupinga uamuzi wa ofisi yangu mbele ya watu.

Mwenyekiti aliandika neno kwa chaki ubaoni na kumwambia Nyemo asimame mwisho wa darasa, aseme anaona nini.

"Sioni kitu," Nyemo akasema.

"Basi," mwenyekiti akasema, na kuanza kukusanya karatasi zake.

"Bado," nikasema. Nikamshika Nyemo mkono, nikamleta mpaka ubaoni. Hakuwa anajua kusoma, kwa hiyo nilimpa chaki na kumwambia achore alichokiona. Aliegemeza uso karibu na ubao, akaikagua kila herufi, akachora mfano wake chini yake. Herufi ya mwisho mwenyekiti alikuwa ameiandika haraka ikapinda mguu. Nyemo naye akaipinda mguu vilevile.

Watu walicheka kidogo. Mwalimu Lugano hakucheka. "Nani atamtoa kitini na kumleta ubaoni kila siku, kila neno?" akauliza. "Darasa lote litangoja?"

Lilikuwa swali la haki, na nilikuwa nafungua kinywa kulijibu Mwalimu Ndahani alipogonga fimbo yake sakafuni akaomba nafasi.

"Mimi ndiye mwalimu mnayetaka kumpelekea mtoto huyu," akasema. "Simtaki."

Bwana Kisanga akamwambia, "Mwalimu, kitengo chako kikipungukiwa watoto, msaada utapungua. Unajua hilo."

"Najua. Ndiyo maana nasema nileteeni watoto wasioona. Kila kitanda ninachompa anayeona, kuna asiyeona anayekikosa. Huyu akija kwangu nitampokea kwa heshima, nitamfunga kitambaa kama nilivyoelekezwa, na baada ya miaka saba nitawarudishia mtoto aliyesahau kwamba ana macho. Mkiridhika na hilo, mleteni."

Mzee Malogo alikuwa amekaa nyuma, kofia yake magotini. Mwenyekiti alimuuliza kama ana la kusema. Alisimama.

"Mimi sikusoma," akasema. "Mnayosema mengi yananipita. Nasema moja. Mkisema apokelewe kule kijijini, kila asubuhi nitampeleka mwenyewe, jua likiwa bado chini, na jioni nitamfuata. Sitachoka. Atakayechoka asiwe mimi."

Uamuzi haukuwa ushindi, msije mkadhani. Nyemo apokelewe kijijini kwa majaribio ya muhula mmoja. Asipoendana na wenzake, aende Mpwapwa. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekipinga kitanda, nitafute mtoto asiyeona wa kukijaza.

Nilianza na kitanda, kwa sababu Bwana Kisanga alikuwa ananiulizia kila asubuhi kabla ya salamu. Nilizunguka kwa malori ya mizigo na kwa miguu, nikiuliza kwenye zahanati na kwa wakunga. Vijijini huambiwi haraka. Unauliza kama kuna mtoto asiyeona, wanasema hakuna. Unakaa, unakunywa maji, unauliza habari za mvua, kisha mama mmoja anasema taratibu, "Labda yule wa kwa bibi." Nilimpata wa kwa bibi, binti wa miaka kumi hivi anayejua kutwanga, kusuka ukili na kuimba nyimbo zote za kanisani za bibi yake, na hajawahi kutoka uani. Bibi yake alilia tulipoondoka naye, nami nikalia kidogo barabarani. Mwalimu Ndahani alinitumia ujumbe kwamba karatasi zake sasa zinasema.

Kisha nikarudi kwa Nyemo. Swali la Mwalimu Lugano lilikuwa halijajibiwa. Nilijibu kwa vitu vidogovidogo, na vitu hivyo ndivyo ninavyotaka mvishike.

Cha kwanza ni kiti. Watu hudhani dawati la mbele linatosha. Nilimkalisha mbele, lakini mbali na mlango, kwa sababu mwanga wa mlangoni ulimpofusha kuliko umbali. Dawati lake lilikuwa jepesi, akiweza kulisogeza mwenyewe. Cha pili, nilimwomba mwalimu wa darasa asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Alilalamika kwamba koo litakauka. Baada ya muda aliniambia watoto wa nyuma nao wameanza kuelewa, ambao siku zote alidhani ni wazembe.

Cha tatu ni kitabu. Pale karibu na soko la mjini Bwana Salehe, mtu wa ukoo wa maduka kama wangu, alikuwa amefungua duka la fotokopi. Mashine yake ilikuwa na kitufe cha kukuza maandishi, na yeye mwenyewe hakujua ni cha kazi gani. Tuliweka ukurasa wa kitabu cha darasa la kwanza, tukabonyeza, ikatoka karatasi yenye jogoo mkubwa kama jogoo halisi.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ya mtoto anayeona kidogo."

Akaitazama, akaiweka kando, akabonyeza tena. "Basi tumalizie kitabu kizima. Ila uje mchana, umeme ukiwa umetulia."

Cha nne ni kofia. Nilipekua marundo ya mitumba nikapata ya kitambaa, pana, yenye kamba ya kufunga kidevuni. Nahisi mwenye nayo wa kwanza alikuwa akivulia samaki huko Ulaya. Nyemo aliipenda akakataa kuivua hata ndani.

Muhula ulikwenda. Niliwatembelea kila nilipopata usafiri. Mzee Malogo alitimiza ahadi yake, akimleta binti mapema na kukaa kidogo nje ya uzio mpaka kengele ipigwe. Nyemo alikuwa nyuma ya wenzake mwanzoni, kisha akawa katikati. Alikuwa na rafiki, Tatu, aliyekaa naye na kumnong'oneza ubao pale mwalimu aliposahau.

Halafu, muhula ukiwa unaelekea mwisho, nilipata ujumbe kwamba Mzee Malogo amemwondoa mtoto.

Nilipofika nilimkuta Nyemo amekaa ndani, midomo imepasuka, shingo na mikono imejaa malengelenge. Siku ya shamba la shule, mwalimu wa zamu alikuwa amemvua kofia kwa sababu kofia si sare. Akalima na wenzake saa za jua kali.

Mzee Malogo hakunikaribisha kigoda. "Mwalimu," akasema, "nilikataa shule ya mbali ili asiumie. Ameumia mbele ya macho yangu. Mpeleke huko Mpwapwa. Mimi nimeshindwa."

Mtu niliyedhani hatachoka alikuwa amechoka, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Nilikaa chini kwenye udongo. Nilikuwa na maneno ya kamati, na maneno ya kamati hayamfai baba anayepaka mtoto wake samli.

Nyemo ndiye aliyesema. Midomo ilikuwa inamuuma, akasema taratibu.

"Baba, mimi sikuunguzwa na darasa. Niliunguzwa na shamba."

Baba akaweka chini bakuli la samli.

"Darasani ni kivuli," akaendelea. "Mimi nataka darasa. Shamba hata hapa nyumbani huwa hunipeleki."

Mzee Malogo alimtazama binti yake. Kisha akainuka, akachukua ile kofia ukutani, akaniambia, "Twende kwa huyo mwalimu. Wewe utaongea. Mimi nikiongea nitaharibu."

Mwalimu Lugano alikuwa ofisini, na alipotuona uso wake ulishuka. Alikuwa ameandaa maneno. "Nilisema tangu mwanzo kwamba ataungua. Sasa mnaona."

"Ulisema," nikakubali. "Na aliungua kwa sababu alivuliwa kofia katika shule yako. Mtoto mwenye miwani tungemvua miwani kwa kuwa si sare?"

"Mwalimu wa zamu alifuata kanuni."

"Basi kanuni tuirekebishe leo, hapahapa, wewe na mimi. Sitatoka humu ofisini kabla ya hapo, Mwalimu Lugano. Nimeahirisha treni."

Hakukuwa na treni ya kuahirisha siku hiyo, lakini yeye hakujua.

Nje, Mzee Malogo alikuwa amesimama na kofia mkononi, anatazama dirishani. Nadhani huyo ndiye aliyemshinda Mwalimu Lugano, si mimi. Mwalimu mkuu alisimama, akatoka, akaichukua kofia ile kutoka mikononi mwa mzee. Kesho yake mstarini aliinyanyua mbele ya shule nzima.

"Hii ni sare ya Nyemo," akasema. "Atakayemvua, mwalimu au mwanafunzi, amevunja kanuni ya shule. Na siku ya shamba Nyemo atachambua mbegu ghalani." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa nidhamu mpaka mwisho, akamkemea Nyemo kwa kamba ya kofia iliyolegea.

Mtihani wa muhula ulipofika, nilikuwa nimekuza karatasi yake kwa Bwana Salehe. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa pale walipokuwa watoto wengi, na hapo ndipo nilipotaka awe. Kamati iliposoma matokeo mwenyekiti alisema tu, "Abaki." Suala lililotutoa jasho muhula mzima likaisha kwa neno moja, tukahamia kwenye jambo la vyoo.

Baada yake walikuja wengine, wa kupigania na wa kubembelezea. Wengine nilishindwa kuwasaidia. Kulikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa viungo ambaye mwalimu wake mkuu alimpokea kwa shingo upande na kumweka nje ya dirisha kwa kuwa kiti chake cha magurudumu hakikupita mlangoni, na nilipofanikiwa kupata fundi wa kupanua mlango, familia ilikuwa imekwishahama. Wengine niliwapigania wakae nyumbani kumbe bweni ndilo lililowafaa. Hakuna kanuni moja. Mtazameni mtoto kwanza, karatasi yake muisome baadaye.

Nyemo alisoma hapo kijijini mpaka darasa la saba, akafaulu kwenda sekondari. Majina yalipotoka, niliyaona siku chache baadaye. Alikuwa amepangiwa sekondari ya mbali, katika mkondo wa wasioona, asome kwa nukta nundu asizozijua. Mtu mahali fulani alisoma neno "albino" akamaliza kazi yake hapo.

Sikulala vizuri. Asubuhi niliandaa hoja zangu zote, nikazipanga kichwani kwa mfuatano, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Kisanga. Nje ya mlango wake, kwenye benchi, nikamkuta Mzee Malogo. Alikuwa amezeeka, koti limempwaya.

"Mmefika lini?" nikamuuliza baada ya salamu. "Nyemo yuko wapi?"

Akaelekeza kidevu mlangoni. "Yumo ndani."

"Na wewe?"

"Kaniambia nikae hapa."

Kupitia mlangoni ilisikika sauti ya Bwana Kisanga, nzito, ikieleza habari za wadhamini, nafasi na utaratibu. Kisha sauti ya msichana, si kubwa, haina haraka.

"Mkuu, nimekuelewa. Lakini mimi si kipofu. Nimefanya mtihani kwa wino, si nukta nundu, na nimefaulu kwa wino. Nipangie shule ya hapa Dodoma ya kawaida, niandikie barua kwamba nikae mbele na karatasi zangu zikuzwe. Kofia ninayo."

Sauti nzito ikasema jambo.

"Hapana, mkuu," ikajibu ile nyingine. "Nitangoja. Baba amebeba chakula."

Mzee Malogo alinigeukia. "Tuingie?"

Hoja zangu zote zilikuwa bado zimejipanga kichwani, nzuri, hazijatumika. "Hapana, mzee," nikamwambia. "Tukae."

Tukakaa. Tulikaa mpaka kivuli cha paa kikatufikia miguuni. Mwisho mlango ulifunguliwa akatoka Nyemo, mrefu kuliko baba yake sasa, amefinya macho kwa mwanga wa korido. Ilimbidi asogee kabisa ndipo anitambue.

"Shikamoo, mwalimu. Kumbe na wewe ulikuwa unasubiri kumwona?"

"Marahaba. Ndiyo, nilikuwa nasubiri."

"Basi ingia," akasema. "Anaandika barua yangu, lakini amesema anaweza kuongea huku anaandika."

Akamwinua baba yake kwa mkono, wakashuka taratibu kuisubiri barua kivulini, yeye akihesabu ngazi kwa mguu.

Nikagonga, nikaingia. Nilikuwa na mtoto mwingine, wa kijiji kingine, asiyesikia, na mwalimu mkuu wake alikuwa amekwisha kusema hapana.